Deni la Askari Mzee



Katika vijiji vyetu, mzee aliyekuwa askari akipata fedha kidogo kutoka serikalini, majirani husema: «Serikali imemhurumia.» Na akikosa, husema: «Basi, afanyeje? Huruma hailazimishwi.» Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, sokoni na njiani, hata barazani pa misioni watu wakitoka Misa. Mimi kazi yangu ni kufundisha katekisimu, wala sikuvaa kamwe nguo za kiaskari. Lakini mwalimu wa dini hana budi kuyapima maneno, kwa maana neno likiwekwa mahali pasipo pake, haki nayo huhama. Huruma ni neno jema. Walakini hapa limekalia kiti cha neno jingine, nalo ni deni.

Leo nataka tutazame pamoja jinsi serikali zilivyowatunza askari wazee, tukichukua mfano wa nchi moja, Ufaransa, na hasa mambo yaliyowapata Waafrika waliopigana chini ya bendera yake. Mtauliza: Kwa nini Ufaransa, na sisi ni watu wa Kongo? Kwanza, kwa sababu habari hizo zimeandikwa wazi katika sheria na katika hukumu za mahakama. Pili, kwa sababu ndugu zetu wa ng'ambo ya mto, watu wa Brazzaville, walikuwamo. Tatu, kwa sababu jambo lililowapata wale laweza kumpata askari mzee wa nchi yo yote.

Hisani ya mfalme

Zamani, mfalme alipokwisha kupigana vita vyake, askari aliyekatwa mguu aliachwa njiani. Wachache walipelekwa katika monasteri, ili watawa wawalishe na kuwapa mahali pa kulala. Wengine wengi waliombaomba katika njia za mji wa Paris, na wengine waligeuka kuwa wanyang'anyi. Mwaka wa 1670 mfalme Louis XIV aliamuru ijengwe nyumba kubwa mjini Paris kwa ajili ya askari vilema na wazee. Nyumba hiyo huitwa Les Invalides, nayo ingali imesimama. Sehemu yake moja ni hospitali ya wanajeshi mpaka leo. Askari wa kwanza waliingia mwaka wa 1674. Humo walipata chakula, kitanda, mganga na kanisa, na wenye nguvu bado walipewa kazi za mikono.

Lilikuwa jambo la kusifiwa. Lakini angalieni: lilikuwa hisani. Mfalme aliweza kutoa, na mfalme yule yule aliweza kunyima. Askari hakuwa na mahali pa kusimama na kusema: «Hii ni haki yangu.»

Hisani ilipogeuka kuwa haki

Ikaja vita kuu ya mwaka 1914 mpaka 1918. Wafaransa zaidi ya milioni 1.3 waliuawa, na mamilioni walijeruhiwa. Kila kijiji kilikuwa na wajane wake, na watu wasio na mkono, au macho, au mapafu mazima kwa ajili ya moshi wa sumu. Mwezi wa Novemba 1917 waziri mkuu Georges Clemenceau alikwisha kuliambia Bunge kwamba watu wale wana haki juu ya taifa. Tarehe 31 Machi 1919 ikatoka sheria iliyoyafanya maneno hayo kuwa kazi.

Sheria hiyo ilikuwa na mambo mawili ambayo nawaomba myashike. Jambo la kwanza: askari aliyerudi mgonjwa au kilema hakutakiwa tena ahangaike kuthibitisha kwamba ugonjwa wake umetoka vitani. Ilidhaniwa kwanza kwamba umetoka vitani, na serikali, kama ilikataa, ndiyo iliyopaswa kuleta ushahidi. Mwaona tofauti! Zamani mnyonge alibeba mzigo wa ushahidi. Sasa mzigo ukabebwa na mwenye nguvu. Jambo la pili: mjane na yatima waliingia katika sheria kwa haki yao wenyewe. Mume akifa, deni halikufa naye.

Mwaka wa 1930 yakaongezwa malipo mengine madogo ya kila mwaka kwa kila aliyepigana, hata kama mwili wake ni mzima, kwa sababu alihatarisha maisha yake. Hivyo kwa muda wa miaka 260, tangu nyumba ile ya mfalme, watu walikuwa wamejifunza kwamba kumtunza askari mzee ni kulipa.

Askari wa Afrika

Jeshi la Waafrika waliopigania Ufaransa liliitwa «Tirailleurs sénégalais». Lilianzishwa Senegali mwaka wa 1857, lakini jina lisiwadanganye. Walikuwamo watu wa Mali na Gine, wa Burkina na Chadi, wa Ubangi na wa Kongo ya Brazzaville. Katika vita ya kwanza, Waafrika Magharibi karibu 200,000 waliandikwa, na wapatao 30,000 hawakurudi.

Katika vita ya pili, Ufaransa iliposhindwa na Wajerumani mwaka wa 1940, nchi ya kwanza ya Afrika kusimama upande wa jenerali de Gaulle ilikuwa Chadi, chini ya gavana Félix Éboué, mtu mweusi wa Guyane. Mji wa Brazzaville ukawa makao makuu ya Ufaransa Huru. Askari wa Chadi na wenzao walivuka jangwa wakaiteka Kufra mwezi wa Machi 1941. Mwezi wa Agosti 1944 Waafrika walikuwa kati ya wale walioshuka pwani ya kusini ya Ufaransa, wakaikomboa miji ya Toulon na Marseille. Risasi haikuwauliza rangi yao wala kijiji chao.

Wengine walikuwa wametekwa na Wajerumani tangu 1940, wakakaa miaka minne kifungoni. Mwezi wa Novemba 1944 zaidi ya elfu moja walirudishwa kwa meli mpaka Dakar, wakawekwa katika kambi ya Thiaroye. Walidai mishahara yao ya miaka ile, na fedha walizoahidiwa wakiachwa huru. Hawakudai ufalme; walidai mshahara. Alfajiri ya tarehe 1 Desemba 1944 jeshi lile lile walilolitumikia likawapiga risasi. Wakubwa waliandika kwamba wamekufa 35. Wataalamu wengi wa historia wasema walikuwa zaidi sana. Tena 34 kati ya waliobaki walihukumiwa. Ilipita miaka 80 kabla rais wa Ufaransa hajakiri kwa barua, mwezi wa Novemba 2024, kwamba yale yalikuwa mauaji ya halaiki.

Malipo yaliyogandishwa

Sasa twafika kwenye jambo ambalo halikumwaga damu, lakini liliumiza watu wengi zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1959, nchi nyingi za Afrika zilipokuwa karibu kupata uhuru, Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria juu ya pensheni za askari wa nchi hizo. Sheria ilisema kwamba malipo yao yatabaki pale pale yalipo. Askari mzee wa Kifaransa pensheni yake ingepanda kila mara maisha yakizidi kuwa ghali. Ya Mwafrika isingepanda. Wafaransa waliliita jambo hilo kwa neno la kugandisha, kama maji ya chumvi yanavyokauka na kuwa jiwe. Nchi nyingi ziliingia katika sheria hiyo tangu 1961; Senegali iliachwa kwanza, kisha nayo ikafuata, tangu 1975.

Fikirini wenyewe maana yake. Watu wawili wamelala katika shimo moja la vita, bega kwa bega, na wamejeruhiwa siku moja. Baada ya miaka ishirini mmoja ananunua mkate na nyama, na mwenzake, kwa fedha zile zile za zamani, ananunua chumvi tu. Hakuna aliyemwambia: «Hatukulipi.» Walimlipa kila mara, na kila mara malipo yalikuwa madogo kuliko jana. Hii ndiyo njia ya kimya ya kukana deni: huikatai hati, wauacha wakati ule ule uile.

Wenye serikali walikuwa na hoja zao, nami nitazisema kwa haki. Walisema: Watu hawa si raia wetu tena, nchi zao ni huru. Walisema pia: Maisha katika Afrika ni rahisi, mtu huhitaji fedha kidogo.

Haya, tuzipime. Ukimwita fundi akujengee nyumba, na nyumba imekwisha, je, wewe utamwambia jioni: «Kwako mnakula mihogo tu, basi nakupa nusu»? Atakujibu: «Bwana, hukununua chakula changu, umenunua kazi yangu.» Na ukimwazima jirani mbuzi, kisha jirani akahama na kujenga boma lake upande wa pili wa kijito, je, deni limekufa kwa sababu ya boma? Wahenga wamekwisha kusema: dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema: dawa ya deni ni mpaka.

Wazee waliodai

Mwaka wa 1985 wazee wa Senegali 743, askari wa zamani, walipeleka mashtaka yao kwa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Jibu lilitoka mwezi wa Aprili 1989. Kamati ilisema kwamba pensheni haikutolewa kwa sababu ya uraia, bali kwa sababu ya kazi waliyoifanya zamani. Na kazi hiyo ilikuwa moja kwa wote. Tena ilisema kwamba hali ya maisha ya nchi mbalimbali si sababu ya kutosha. Ndiyo hoja ya fundi wetu, ila imesemwa na wanasheria.

Walakini neno la Kamati halikuwa na nguvu ya kufungua sanduku la fedha. Basi mzee mmoja, Amadou Diop, aliyekuwa sajini katika jeshi la Ufaransa tangu 1937 mpaka 1959, akaenda mbele ya mahakama za Ufaransa zenyewe. Alifariki mwaka wa 1996, kesi ikaendelea bila yeye. Tarehe 30 Novemba 2001 mahakama ya juu, ile inayoamua kesi kati ya watu na serikali, ikaamua kwamba Diop alikuwa na haki.

Mngedhani mambo yalikwisha. Hayakwisha. Mwaka wa 2002 ikatungwa sheria nyingine ya kupima malipo kwa bei za nchi anamokaa mtu. Hoja ya mihogo ikarudi kwa mlango wa nyuma. Mwaka wa 2006 ikaonyeshwa sinema iitwayo «Indigènes», juu ya askari wa Afrika ya Kaskazini katika vita ile, na Wafaransa wengi wakaona aibu. Kuanzia 2007 malipo ya wapiganaji na ya vilema yakalinganishwa, bali pensheni za utumishi wa miaka mingi zikabaki nyuma. Mwisho, tarehe 28 Mei 2010, Baraza la Katiba likazifuta sheria zile kwa ajili ya kesi ya Waaljeria, na tangu 2011 usawa ukawa wa wote.

Hesabuni: 1961 mpaka 2011 ni miaka hamsini. Askari aliyekuwa na miaka arobaini wakati wa kugandishwa angekuwa na tisini wakati wa kufunguliwa. Wangapi wanafika tisini? Waswahili wasema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi nasema zaidi: kumngojesha mzee ni kumlipa marehemu.

Kuna jambo jingine la kutufundisha. Wazee wachache walikuwa wanaishi Ufaransa, katika vyumba vidogo karibu na Paris. Pamoja na pensheni yao ndogo walipewa fedha ambazo serikali huwapa wazee maskini. Lakini fedha hizo zilikuwa na sharti: kukaa Ufaransa zaidi ya nusu ya kila mwaka. Hivyo mtu wa miaka tisini alilala peke yake katika baridi, mbali na mke wake na wajukuu, kwa sababu akirudi kwao angekosa chakula. Sharti hilo liliondolewa kwa ajili yao mwaka wa 2023, na mwezi wa Aprili wazee tisa wakarudi Senegali. Hapo mwaona kwa macho tofauti ninayoisema: msaada una kamba, na mwenye kutoa ndiye anayeishika. Deni likilipwa, mtu huenda zake kwao.

Na kwetu?

Sisi pia tuna askari wetu. Force Publique ilitwaa Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na wapagazi wengi walibeba chakula na risasi kwa kichwa, wakafa kwa njaa na kuhara. Mwaka wa 1941 Wakongo walipigana Uhabeshi, na mwezi wa Julai jeshi la Waitalia likajitoa mikononi mwao mjini Saïo. Wengine walikwenda mpaka Burma kuwauguza majeruhi. Mwezi wa Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Kinshasa, akamvika nishani mzee Albert Kunyuku, mwenye umri wa miaka 100, aliyekuwa Burma. Nishani ni heshima, nami nilifurahi kuona picha yake. Lakini nishani moja kifuani pa mtu mmoja inatukumbusha vifua vingi vilivyokwisha kulala kaburini bila kitu.

Tena mambo haya si ya zamani tu. Katika parokia zetu mna wajane wa askari wa siku hizi, na vijana waliorudi bila mguu. Niwaambie habari ya mmoja.

Bibi mmoja, mjane wa askari, alinijia na karatasi mkononi. Ofisini walimtaka athibitishe kwamba yeye na marehemu walioana kweli. Akasema: «Mwalimu, ndoa yangu kijiji kizima kinaijua.» Nikamjibu: «Ndiyo, Bibi, lakini ofisi haikai kijijini.» Tukaenda kwa padri paroko, tukafungua kitabu cha ndoa. Mchwa walikuwa wamekula pembeni, lakini mstari wake ulikuwapo: tarehe, majina, mashahidi wawili, na alama ya kidole cha mume wake. Padri akainakili, akapiga muhuri. Hata hivyo walimrudisha mara tatu kwa sababu ya herufi moja katika jina la marehemu. Alipata fedha za kwanza katika mwaka wa pili. Siku ile majirani wakaanza wimbo wao: «Serikali imekuhurumia, Bibi.» Akawatazama tu, akasema: «Serikali hainijui. Hizi ni za mume wangu. Yeye ndiye ananitumia.»

Sijasikia maelezo bora ya pensheni kuliko hayo. Yule mama hakusoma sheria ya 1919, lakini aliijua.

Labda mtu ataniuliza: «Deni la zamani hivyo, serikali gani yaweza kulihifadhi?» Nitamjibu kwa mfano wa mwisho, wa Marekani. Huko walipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, vikaisha mwaka wa 1865. Askari mmoja wa vita hivyo, aitwaye Mose Triplett, alizaa binti katika uzee wake. Binti huyo, Irene, alikuwa na udhaifu, hakuweza kujitegemea, na sheria ilisema mtoto wa namna hiyo apewe sehemu ya baba yake. Kila mwezi serikali ilimpa dola 73 na senti 13, mpaka alipofariki mwaka wa 2020. Vita vilikwisha miaka 155 mbele yake! Fedha zilikuwa kidogo, na Marekani nayo iliwasahau wengi. Lakini mfano huu waonyesha kwamba kitabu cha deni chaweza kutunzwa muda mrefu kuliko maisha ya mtu, kama watu wakitaka.

Basi, ndugu wasomaji, sisi tusio na sanduku la serikali twaweza kufanya nini? Kwanza, tunze karatasi: kitambulisho cha jeshi, cheti cha ndoa, vyeti vya ubatizo vya watoto. Msiviache juu ya paa la jikoni, moshi na panya havina huruma. Pili, wenye kujua kusoma wawaandikie wasiojua, bila kudai kuku. Tatu, jina liandikwe namna moja katika karatasi zote, tangu siku ya ubatizo. Herufi moja yaweza kumla mjane mwaka mzima. Na nne, turekebishe ulimi wetu. Mzee akirudi kutoka ofisini na fedha mkononi, tusimwambie kwamba amehurumiwa. Tumwambie: «Pole na kazi, Mzee. Umelipwa.» Na akirudi mikono mitupu, tusimwambie avumilie huruma ya wakubwa. Tumsaidie kuandika barua ya pili.